Kiasi

Mguu wa Suqin uko juu ya mito miwili,
umefungwa plasta, kama mgeni wa heshima.
Ngazi za ghorofa ya nne zilimwangusha Jumanne,
yeye na mfuko wake wa vitunguu.
Wiki sita, kasema daktari.
Nikapiga hesabu: milo mia moja ishirini na sita.
Nilichojua kupika ni maji.

Miaka thelathini na moja nilikuwa fundi wa pampu
kwenye visima vya chumvi, hapa hapa Zigong.
Chumvi naijua kwa tani, kwa gunia,
kwa kutu inavyokula nati na bolti.
Kwa kijiko siijui.

Leo ni biringanya za harufu ya samaki.
"Samaki yuko wapi?" nauliza, friji iko wazi.
Ukuta ukacheka.
"Hakuna samaki, Guangfu. Hajawahi kuwapo.
Hizo biringanya zimeazima viungo vya samaki,
kama wewe ulivyoazima suti siku ya harusi
na watu wakasema imekukaa."

"Sukari?"
"Kiasi."
"Siki?"
"Kiasi."
"Kiasi ni vijiko vingapi?"
"Kiasi ni kiasi. Ukizidisha, utajua."

Namimina mafuta kwenye karai. Nachukua biringanya.
"Bado!" sauti yatoka chumbani.
"Bado nini? Umeona wapi wewe?"
"Nimesikia. Mafuta hayo yananong'ona tu.
Ngoja yaongee."

Nikasimama, mwiko mkononi,
unga wa wanga kwenye nyusi.
Maneno hayo ni yangu.
Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia Deng mdogo, zamu ya usiku:
usiikodolee macho pampu, itegee sikio.
Maji ya chumvi yakipungua huko chini,
chuma hubadili sauti kabla mshale haujatikisika.
Walinicheka. Nilipatia kila mara
isipokuwa mara moja, na hiyo siisimulii.

Kumbe nyumbani mwangu, hatua tano kutoka kitini pangu,
palikuwa na fundi mwingine
asiye na cheti wala kofia ya kiwanda,
akisikiliza moto miaka yote hiyo,
nami nikiongeza sauti ya televisheni.

"Sasa!" akasema.
Chwaaa.
Biringanya zikanywa mafuta kama ngamia,
zikalegea, zikayatema.
Kisha tangawizi, kisha saumu,
kisha kijiko cha maharage yaliyochachuka na pilipili
kutoka mtungi wa dada yake, mwaka wa pili juani;
mafuta yakawa mekundu, macho yangu pia.
Nikapiga chafya. Jirani wa chini akapiga chafya.
Suqin akapiga chafya, akasema,
"Vizuri. Hapo ndipo penyewe."

Sukari, nikaweka kiasi.
Siki, kiasi.
Chumvi... mkono ukajiendea wenyewe,
mkono wa magunia.

Nikampelekea bakuli kitandani.
Akachukua kipande kwa vijiti, akakiinua kwenye mwanga,
akakitafuna polepole, kama anayesoma barua ya mahakama.
Saa ya ukutani ikasema yake.
"Guangfu."
"Naam."
"Visima vya Zigong havijakauka."

Lakini alikula. Akaomba wali zaidi
wa kupunguza chumvi, akaomba tena,
akafuta mchuzi bakulini kwa tonge la mwisho,
akanywa chai vikombe vitatu, akanilaumu kwa kila kimoja.

Televisheni nimeizima.
Kesho ni mayai na nyanya.
Anasema hata watoto wa darasa la tatu hukipika chakula hicho.
Ngoja nilale mapema.