Jina Kwenye Daftari

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa Tanuri.
"Tanuri, kuni!" "Tanuri, moto umelala!"
"Tanuri, nani kaunguza trei ya tatu?"
Naye aliitika kwa sauti ya mtu
anayeokota kitu chini.

Mkate wa Katuba ulitoka mikononi mwake,
wa Ruashi, wa Kamalondo,
wa watoto wa shule walioula wakitembea,
unga mweupe masharubuni kama wazee.
Lubumbashi nzima ilimjua kwa meno.
Kwa jina, hakuna.

Patroni mzee alihesabu mifuko ya ngano.
Watu hakuwahesabu; watu, alisema, hawaozi ghalani.
Kiti kilikuwa kimoja, chake,
na ndoo ya maji moto mlangoni
iliyoandikwa kwa rangi nyekundu: SI YA WAFANYAKAZI.
Sisi tulinawa bombani, nje, baridi ya Juni,
maji yakituuma vidole kama deni.

Kisha mzee akaugua, akaja binti yake, Kyalwe.
Hakuja saa mbili asubuhi na viatu vya kulia sakafuni.
Alikuja saa tisa usiku, kitambaa kichwani,
akaketi juu ya mfuko wa ngano,
akatazama koleo likiingia na kutoka.
"Pole na kazi, baba. Unaitwa nani?"
"Tanuri."
"Hapana. Lile la nyumbani."

Koleo likasimama.
Nilisikia mikate iliyotangulia ikipoa,
ukoko ukipasuka, ti, ti, ti.
Akafuta mikono kwenye aproni, akafuta tena,
kana kwamba jina ni kitu cha kupokewa kwa mikono safi.
"Mutonkole," akasema. Akakohoa.
"Mutonkole wa Mwadi."
Wakaulizana habari za Mwadi, kama yu hai,
kama magoti bado yanamsumbua,
na trei nzima ikaungua nyuma yao, nyeusi tii,
na kwa mara ya kwanza
hakuna aliyekatwa mshahara.

Sitadanganya: mshahara wenyewe haukupanda usiku ule.
Ulipanda Machi, kidogo, tena kwa mabishano.
Ndoo ikaingizwa ndani, maandishi yakasuguliwa kwa mchanga,
kikabaki kivuli chekundu;
aliyekuwa hapo zamani bado anakisoma.

Ila mimi, karani wa nyumba ile,
mimi niliyemcheka patroni kwa siri na kumwita jiwe,
ndiye niliyeandika kila mwisho wa mwezi
kwa wino wa buluu, herufi zimesimama wima:
Mutonkole wa Mwadi, siku ishirini na sita.
Mara mia na thelathini nimeliandika jina hilo,
nimelipigia mstari kwa rula,
nimelikausha kwa pumzi yangu mwenyewe,
kisha nikasukuma dirisha nikaita uani,
bila kumuuliza hata siku moja kama anajua kuandika:
"Wee Tanuri! Njoo utie kidole."