Ruhusa Inakufa Saa Moja na Kumi

Uwanja wetu wa Kimbiji, mwisho wa Kigamboni, hauna mnara.
Una soksi ya upepo iliyotoboka,
una Chande na filimbi yake ya kufukuzia mbuzi,
na mtandao unashika mahali pamoja tu:
juu ya pipa la mafuta, ukielekea kaskazini.

Nimesimama juu ya pipa, kifuniko cha kalamu mdomoni.
Sauti ya Lyatuu, kavu kama risiti:
«Umeruhusiwa kwenda Mafia, futi elfu tano,
namba yako mbili, saba, nne, moja.
Usiporuka kufikia sifuri nne kumi, ruhusa imekufa.»

Nne ya Zulu, saba ya simu, moja ya mama yangu:
zote zinaniambia wahi.
Namrudishia neno kwa neno.
«Sawasawa,» anasema. Salio linakata.

Namba iko kiganjani; jasho linaanza kuila ile nne.
Mkanda. Mafuta. Sumaku kushoto, kulia.
Dakika ya sita, propela inageuka ukungu.
Dakika ya nane, mbuzi mweupe anajilaza katikati ya njia.
Chande anapuliza, anavuta pembe,
anambembeleza kwa jina. Kumbe ana jina: Bi Harusi.

Dakika ya kumi na moja nazima injini.
Anga lote lile, tupu, si langu tena.

Chande anakuja, mbuzi begani, ananinyooshea simu:
«Ina dakika za bure, dada.»
Napanda pipa.
«Lyatuu, ni mimi tena.»
Kimya kidogo.
«Mbuzi?»
«Mbuzi.»
Nasikia karatasi ikigeuzwa.
«Haya, shika kalamu.»