Hesabu ya Bega

Aliyenigonga hakuwa na bima.
Alikuwa na taa moja, na mtoto kiti cha nyuma.
Basi kampuni yangu mwenyewe,
niliyoilipa miaka kumi na tisa bila kukosa,
ndiyo ikakaa upande wa pili wa meza.

Bega la kushoto: walianza na elfu sita.
Wakili Archuleta akacheka, akaandika barua.
Wakapandisha. Akaandika tena.
Miezi kumi na minne ya mnada,
na mbuzi ni mimi.

Hundi ilifika Albuquerque siku ya theluji.
Theluthi kwa wakili, hospitali ikachota yake,
kilichobaki kikanunua gari kuukuu
na godoro la kulalia ubavu wa kulia.

Jana nilimwona dukani, akihesabu sarafu za maziwa.
Hakunitambua.
Nilitaka kumpungia mkono.
Mkono haukupanda.