Kifua cha Starlet

Majaleo ya korosho yaliingia Jumanne.
Alhamisi Starlet ya baba ilikuwa juu ya mawe,
boneti wazi, gereji ya Chiwaya,
Masasi, Mkuti, nyuma ya mashine ya kukoboa.

Usinihukumu. Wenzangu waliezeka mabati.
Mimi nilichoka kupitwa na kirikuu
kwenye kilima cha kupandia Newala,
gia ya kwanza, mguu umezama hadi sakafuni,
na shangazi Somoe kiti cha nyuma anauliza,
"Mwanangu, nishuke nisukume?"

Turbo ilikuja na basi kutoka Dar,
ndani ya kiroba cha sembe, jina langu limekosewa herufi.
Konokono wa chuma, mzito kuliko anavyoonekana.
Abilahi, anayejifunza ufundi, akamweka sikioni,
akasema anasikia bahari.
Chiwaya akamchapa kwa kitambaa cha grisi:
"Utasikia bili."

Chiwaya haongei na watu, anaongea na nati.
"Njoo. Njoo mama. Usinikatikie mkononi."
Alishusha eksozi, ikadondoka vipande viwili.
Akapima manifoldi kwa shubiri,
akafuta jasho, akaniambia:
injini hii ya elfu moja mia tatu
haikuzaliwa ipuliziwe puani.
Tutaipa gasketi nene, rejeta pana, plagi baridi.
Wewe utaipa adabu. Mshale ukigusa nyekundu, achia.
Nikaitikia kama bibi harusi,
nusu sijasikia.

Kisha akafika kwenye boksi la filta.
Ile mpya, ya koni, ilikuwa mezani inang'aa.
Akabandua vibanio, kimoja, kingine,
akainua kifuniko,
akanyamaza.

Njano.
Si vumbi la Masasi. Hilo ni jekundu,
tunalijua hata kwenye soksi.
Njano ya salfa.
Misimu kumi na minne,
baba na bomba mgongoni kabla upepo haujaamka,
anapulizia mikorosho, anapigana na ubwiri unga,
na Starlet pembeni inaunguruma tu,
haizimwi, maana betri ile haikuaminika,
inavuta hewa ileile.

Chiwaya aliikung'uta kwenye tairi.
Abilahi akapiga chafya.
Mimi nikasikia shati la baba,
ile harufu iliyotangulia kuingia ndani, yeye akifuata,
kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi.

Gari lilikuwa na filta.
Baba alikuwa na kanga ya mama
imekunjwa mara mbili, imefungwa kisogoni,
maneno ya kanga yakimziba mdomo.

Kule Ndanda walituonyesha picha ya kifua chake
wakaitaja kwa jina refu.
Sisi tuliita kikohozi.

"Nitupe?" Abilahi akauliza.
Nikatazama chini, nati zimetawanyika kwenye mchanga.
"Weka kiti cha nyuma."
Akaifunga kwenye gazeti, kama samaki.

Jumapili tulipanda. Gia ya tatu!
Turbo inafyonza kama mtu na chai ya moto,
kirikuu mbili zimebaki kwenye kioo,
shangazi ameshika mlango kwa mikono miwili:
"Mwanangu, sasa nishushe."
Kwenye matuta tulikwaruza tumbo, yote matatu,
kwa sababu nilikuwa nimedai springi fupi
na Chiwaya alikuwa amenionya.

Shambani, msimu umeshaanza.
Kibarua wetu, Mtukula, alitokea kati ya miti,
njano hadi kwenye kope,
fulana kuukuu ameizungushia usoni.
Alizunguka gari. Akainama kwenye eksozi.
"Hii ndiyo ile ya mzee?"
Ndiyo ile.
"Washa nisikie."

Nikawasha.
Akaivuta fulana chini ya kidevu,
bomba bado lipo mgongoni, wingu halijatua,
akafumba macho,
akavuta pumzi ndefu,
asikilize vizuri.