Mkewe, Mkwewe

Baba alitaka nisome takwimu za bima,
nijue mtu wa Kayole atafariki lini
na kampuni imdai shilingi ngapi kabla.
Miaka miwili nilipanda ngazi za Chiromo
na majedwali ya vifo kwapani,
nikapata arobaini na moja, nikapata arobaini,
halafu thelathini na nane,
halafu barua yenye muhuri.
Nyumbani sikusema.
Asubuhi nilivaa, nikabeba mkoba, nikatoka
kama mtu anayekwenda mahali.

Mahali palikuwa Barabara ya Kirinyaga,
ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri,
kwa Kithome, mpiga chapa wa ratiba za mazishi.
Nilikunja karatasi. Nilibana pini.
Siku moja nikasoma nilichokuwa nakikunja:
*Marehemu amemwacha mkwewe mpendwa,
aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini.*
Nikacheka peke yangu, kisha nikaogopa.
Herufi moja tu imejipenyeza
na ukoo mzima umekosa pa kuficha uso.
"Mia tatu zimeshatoka," akasema Kithome.
"Wafiwa hawasomi. Hujipepea nazo."
Nikakesha na wembe,
nikikwangua w ya kwanza, nakala baada ya nakala,
pakabaki pengo dogo kama la jino la mtoto,
na kulipopambazuka
mama mmoja nisiyemjua alikuwa mke tena.

Kwa kazi hiyo sikulipwa.
Ila Kithome alimtajia mtu jina langu,
mtu akamtajia mtu,
hadi nikafika kwa Bi. Zighe
wa maktaba ndogo nyuma ya soko la Jericho,
ile ile niliyoazimia vitabu nikiwa darasa la sita.
Hakunikumbuka. Alikuwa akimenya njugu
juu ya daftari la faini.
Akanipa gundi, uzi, sindano ya magunia,
na onyo: usisome kazini.

Nilisoma kazini.
Rafu ya chini, panaponuka panya,
hadithi isiyo na jalada,
na pembeni, kwa penseli, mwandiko wangu mwenyewe:
*"Kiti kilikaa kimya"? Kiti hakisemi. MAKOSA!*
Makosa, nimeyapigia mistari miwili.
Chini yake, wino wa kijani,
mkono nisioujua:
*Kiache tu. Mwenye kiti amekufa.*

Niliketi sakafuni mpaka gundi ikaganda kwenye brashi.
Nikachomoa kadi mfukoni mwa kitabu.
Baada yangu, majina saba:
Otachi, Nafula, Wairegi, Saru,
wawili waliofutika, mmoja aliyeandika "Mimi".
Yeyote kati yao
alikwenda nacho nyumbani, akauona ujinga wangu,
na badala ya kuufuta, akaujibu.

Siku hizi nina kazi mbili, wala hazishibishi.
Mchana nagonga tarehe kwenye vitabu vya watoto
wanaodai mbwa ndiye aliyekula ukurasa.
Usiku nahariri miswada ya watu, kwa ukurasa,
taa ikizimwa na stima, nikiwasha mshumaa.
Wembe wa Kithome ninao bado.
Kalamu ya kijani nilijinunulia.
Mara nyingi nashika isiyo.

Jumapili Baba alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne,
hotuba ya kumbukumbu.
"Wewe ndiye wa mambo ya kuandika," akasema,
macho yake kwenye televisheni iliyozimwa.
Kumbe alijua. Tangu lini, sikuuliza.

*Mama yenu anapenda chai ya rangi.
Anakoroga mara tatu kisha anasahau kuinywa.*

Anapenda. Anakoroga. Anasahau.
Tulimzika, huu mwaka wa tatu.
Nikaifungua kalamu, nikaifunga.

"Makosa mengi?"

"Koma moja tu, Baba."