Mlango wa Kutua

Umeme umekatika Langoni tangu alasiri.
Betri ina nusu saa, labda,
nami niko darini, kompyuta magotini,
nahesabu ukoo wa ufuta.

Si mbegu. Mbegu baba kaziacha guniani, Witu,
mwaka ule mvua ilipokuja siku tatu ikaaga.
Nahesabu jeni, kromosomu kwa kromosomu,
jenomu nzima, kama karani wa mirathi
anayebisha kila mlango akiuliza: wewe ni wa nani?

Nawatafuta mahamali wa mafuta.
Protini ndogo, ndogo mno:
huipokea nta ndani ya seli, huivusha ukuta,
huitandaza juu ya jani
ili jua la Witu lilambe, lisipate kitu.

"Wahisabuni?" auliza bibi, Bi Mwanashee,
mkeka wake umegusana na wangu.
Namwambia: kila mmoja wao ana sistini...
"Sitini?"
La, bibi, sistini, na ni nane tu,
kila moja na kiti chake:
ya tatu na ya nne bega kwa bega,
ya tano na ya sita zimetengwa na mgeni mmoja.
Hushikana mikono ya salfa, jozi nne,
katikati pakabaki uvungu usiopenda maji.
Humo ndimo mafuta hupanda.

"Basi ni shogi," asema.
Chini kichochoroni Lali Famau amgombeza punda wake,
mifuko minne ya saruji,
ukuta kulia, ukuta kushoto.
Ndiyo, bibi. Shogi.

"Na nane ni mizani."
Vidole vyake vyaanza kukunjana, kimoja kimoja,
wala hanitazami:

*Punda hajui mzigo*
*ni dhahabu au gogo,*
*humtosha njia ndogo*
*na mlango wa kutua.*

Naandika pembeni mwa daftari, haraka, gizani.

Jana walikuwa hamsini na watatu.
Wanne nikawafuta: jina la ukoo wamelivaa tu.
Watano wanakaa mtaa mmoja;
mmoja alijinakili, nakala ikajinakili,
kama zile nyumba za Mkomani zilizoungana kwa wikio
hata mwenyewe hajui chumba kipi alirithi, kipi aliazima.
Yuko anayeamka kwenye mzizi tu.
Yuko wa chavua, msimu mmoja, kisha kimya.
Na yuko mvivu mmoja, hata umwite vipi,
hadi siku ya tisa bila maji,
jani limejikunja kama sikio la mgonjwa,
ndipo husema labeka.

Kabaki huyu wa mwisho. Ana saba.
Nimemsoma mara sita. Saba.
Shogi lenye mshono uliofumuka:
ukilipakia, mafuta yatamwagika njiani.
Ni wakati uliomla,
au ni mashine iliyomsoma ikisinzia?
Kidole changu kiko juu ya kitufe cha kufuta.

Bibi alivuta daftari, alimulika kwa simu.
"Umeandika nini hapa? Na mlango wa *kutu*?"
Natazama. Herufi moja imeniponyoka.
Mzigo ulikuwa umefika, unatuliwa;
sasa hakuna anayetua, bawaba zimeoza,
kisa *a* moja.
Acheka hadi kikohozi kinamkamata.
"Mstari ukichechemea, usiukate," asema akifuta macho.
"Mshike mwandishi kwanza. Huenda alikuwa na usingizi.
Au huenda ndivyo ulivyotungwa,
na msomaji ataujaza kwa pumzi."

Asilimia nne.
Simfuti. Namwekea alama ya kuuliza, nafunga kompyuta,
na giza la dari larudi lote kwa pamoja.

Chini mfuko wa kwanza umetua, pu.
Wa pili. Wa tatu. Wa nne.
Punda atikisa ngozi, aondoka mtupu,
nami kwa mazoea nahesabu hatua zake:
tano, sita, saba,
kona imemmeza.