Kurudi Nyuma

Leseni yangu ina siku kumi na moja.
Bado inanuka upya,
na picha iliyomo imetoa macho
kama mtu aliyeulizwa hesabu ghafla.

Saa kumi na moja alfajiri, Barabara ya Lunga Lunga,
benchi la Mama Kerubo, chai ya rangi, andazi la jana,
na simu mbili za kupiga kabla ya saa mbili.

Ya kwanza kwa Duale, mwenye trela kumi na nne.
Anatafuta dereva wa Juba.
Mshahara wake ukiutaja kwa sauti hapa Mukuru
majirani wataanza kukuita mheshimiwa.
Kuna posho ya njia, kuna posho ya kulala.
Kulala wapi, hakusema.

Ya pili kwa ghala la unga na sukari:
Kariobangi, Githurai, Kangemi, kisha tena Kariobangi.
Mifuko mia mbili, sahihi, muhuri, foleni.
Mshahara wa kulipa kodi ya nyumba
na kubaki ukiitazama hiyo nyumba.

Njia ndefu siigeni.
Nimekuwa utingo miaka minne kwa Ochola.
Nimelala Mlolongo tukingoja zamu ya mzani,
nimepika ugali Malaba, jiko katikati ya magurudumu,
siku ya tatu, karatasi moja haijapigwa muhuri.
Mteremko wa Mai Mahiu nimeukesha
nikisikiliza breki kama mama anayesikiliza pumzi ya mtoto.
Mtaka cha mvunguni huinama, wanasema.
Mimi chini ya trela nimeinama hadi nikapajua kwa jina
kila nati.

Ochola alinifundisha gia kumi na mbili, na kunyamaza.
Akirudi kwake baada ya wiki tatu
mkewe humwonyesha upya swichi ya taa ilipo,
kwa adabu, kama mgeni.
Hakunisimulia hayo.
Nilikuwa mlangoni, nimebeba mkungu wake wa matoke.

Basi ungedhani ni hilo lililonikata shauri.
Hapana. Mimi sina mume wa kunionyesha swichi,
na pesa za Juba nilishazigawa kichwani:
ada ya Ndanu, bati za mama kule Kibwezi,
viatu vyangu vya kwanza visivyo vya mtu.

Ni jana.
Bi. Wairuri wa ghala alinirushia funguo:
"Mumbua, liingize."
Nafasi yenyewe, kati ya ukuta na mkokoteni wa mahamali,
ilikuwa ya lori na haya kidogo.
Mara ya kwanza nikaenda upande.
Mara ya pili nikaenda upande ule mwingine.
Mahamali mmoja akaacha hindi lake la kuchoma
akaanza kunipungia: kata, kata, kataaa!
Mara ya tano nikaulamba ukuta.
Rangi ya kijani ya lori ikabaki kwenye tofali.

Nilingoja matusi.
Alikuja akaipapasa ile alama kwa kidole gumba.
"Mbele kila mtu anaenda," akasema.
"Rudi kesho. Ukitaka."

Miaka minne barabarani
na kumbe nilijifunza mambo ya mbele tu.
Ochola ndiye aliyekuwa akirudisha nyuma;
mimi nilisimama nje, nikipiga ubavu wa trela kwa kofi,
nikidhani ndiyo kazi yenyewe.

Saa moja na nusu. Nampigia Duale.
Namwambia, nipe mwaka.
Anacheka, si kwa ubaya:
"Barabara haiishi, dada. Wala madereva hawaishi."
Anakata.

Namlipa Mama Kerubo, nashika njia kwa miguu.
Malori ya saruji yananipita, vumbi, honi, mtu ananiita kwa jina lisilo langu.
Naanza kuhesabu pesa nilizozikataa.
Nafika getini sijamaliza.

Ukutani, alama yangu ya jana
imeshaandikwa tarehe kwa chaki.
Mtu ameacha nafasi chini yake
ya kuandika nyingine.